Lusungu na Mikate Isiyofunikwa

Mjini kwetu anayekata nguo ni fundi. Anayekata vyuma ni fundi, anayekata nywele ni fundi, na hata yule anayechonga funguo kwenye kibanda cha kona ameliandika neno hilo kwa rangi nyekundu juu ya dirisha lake. Anayekata mboga ni "yule mama". Nenda soko la Mabibo asubuhi yoyote, uliza fundi wa kukata mboga yuko wapi, uone watakavyokucheka. Kisha simama dakika tano mbele ya Lusungu, angalia mikono yake, halafu uniambie kama utarudi nyumbani na ujasiri wa kusema kazi ile inawezwa na yeyote.

Hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, beseni magotini. Hana ubao. Majani ya sukuma wiki huyakunja yakawa msokoto mnene, akaushika kwa mkono wa kushoto, na kisu kilicho mkono wa kulia hutembea kukifuata kidole gumba bila kukigusa hata siku moja, hadi beseni lijae nyuzi za kijani. Kisu chenyewe kimenolewa miaka mingi mno, ubapa umebaki mwembamba kama jani la muwa. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, tangu aliposhuka kutoka Tukuyu na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo, Nikodemu, sasa ana ndevu na anaendesha bodaboda Mbeya, lakini sokoni mama yake bado anaitwa kwa jina lake: Mama Niko.

Wakataji wenzake wako wengi, na wengine wana kasi kumzidi. Kinachomtenga Lusungu ni maswali. Mteja akinunua fungu la mchicha uliokatwa, ataulizwa kama anaunga kwa nazi au kwa karanga. Akinunua njegere zilizomenywa, ataulizwa nani anazila, na kama huyo nani anapenda ziwe laini au zibaki na mwili. Wapo wanaokasirika na kusema mama huyu ni mmbea. Si kweli. Mmbea huuliza fulani kafanya nini. Lusungu huuliza kabichi imefanywa nini. Mboga zinatoka mikononi mwake asubuhi, zinaingia kwenye mifuko, zinapotea katika maelfu ya vyungu vya jiji hili, na yeye hukaa pale akijiuliza ziliishia wapi. Kwa maswali hayo amejua, bila kuinuka kwenye ndoo yake, kwamba kuna seremala anayetafuna bamia mbichi kwa ajili ya magoti, na kuna nyumba moja karibu na hosteli za wanafunzi ambako karoti hukunwa zikaingia kwenye unga wa chapati.

"Ungekuwa shushushu ungefika mbali," humwambia Albano, mtu wa Mbinga anayeuza matango na nyanya kwenye meza ya jirani. "Wewe kazi yako kukata. Wamekula, hawajala, inakuhusu nini?"

"Fundi cherehani anapenda kuona suruali yake ikitembea barabarani," humjibu. "Mie suruali zangu zote zinavaliwa gizani."

Mwaka ule masika yalikwisha vizuri. Ilipofika mwezi wa sita, jua likiwa pole na asubuhi watu wakitoka na masweta, malori ya Lushoto na ya Mgeta yalishusha mboga ambazo miezi mingine huwa hazionekani, au huonekana zimenyauka. Njegere zilikuja kwenye maganda yaliyobana, ukilibonyeza ganda linapasuka kwa sauti. Vitunguu majani vilikuja na udongo wao mweusi kwenye mizizi. Zilikuja pia figili ndogo za duara, nyekundu nje na nyeupe ndani, ambazo wateja wengi wa Mabibo huzipita kwa sababu hawajui wazifanye nini. Lusungu naye alikuwa hajui. Alikuwa akiziangalia kwa Albano wiki nzima.

Asubuhi ya Jumanne alifika binti mmoja akaelekea moja kwa moja kwenye rundo la zile figili. Lusungu alimtambua. Ni Salsabil, binti wa Kiarabu aliyekuwa akikaa hosteli za Mabibo alipokuwa chuoni, mteja wake wa njegere kwa miaka mitatu.

"Shikamoo Mama Niko."

"Marahaba mwanangu! Umepotea! Nikasema huyu ameolewa Oman."

"Nipo Mtoni kwetu. Mama, nataka unikatie hizi figili. Nyembamba, nikiinua kipande nione mwanga upande wa pili."

"Za kupika na nini?"

"Hazipikwi."

"Kumbe za kachumbari."

"Wala. Za kuweka juu ya mkate."

"Ndani ya mkate," Lusungu alimsahihisha.

"Juu, mama. Slesi moja chini, unaipaka mtindi uliochujwa, unapanga mboga. Halafu basi. Hakuna slesi ya pili."

Kisu kilisimama. Albano aliacha kufuta nyanya zake.

"Huo mkate umetoka nyumbani bila shati," alisema.

"Ndivyo ulivyo, kaka Albano. Uzuri wake ni kwamba unaona unachokula."

"Mie nyumbani kwangu naona ninachokula. Ni ugali."

Binti alicheka, lakini Lusungu hakucheka, maana maswali yalikuwa yamemjaa kifuani. Nani amekufundisha? Unaliwa saa ngapi? Mboga mbichi zote hizo haziumizi tumbo? Salsabil akachuchumaa pembeni ya beseni akamweleza. Baada ya chuo alifanya kazi miezi minane jikoni kwenye hoteli moja ya mjini, zamu ya kifungua kinywa, na huko ndiko alikojifunza mikate ile. Sasa ameacha. Anataka kufungua mgahawa wake mdogo kwao Mtoni, ubavuni mwa duka la mchele na mafuta la babu yake, Mzee Sultan. Kipo chumba cha mbele, kina mlango wake wa barabarani, na ndani yake hamna kitu ila kreti tupu za soda. Babu amekataa. Amesema hakuna mtu wa Mtoni atakayetoka kwake kwa miguu yake kwenda kula majani. Binti ameomba, amelia, amegoma kula, na mwisho babu amempa mtihani: Ijumaa hii, baada ya swala ya alasiri, yeye na wazee wenzake wawili wa barazani watakula mikate hiyo. Wakimaliza sinia, chumba ni chake. Wakibakiza, kreti zinabaki na hadithi imekwisha.

"Nani atakukatia?"

"Nitakata mwenyewe. Leo nataka tu nione wewe unavyofanya."

Lusungu alimpa kisu na figili moja. Salsabil alijitahidi. Lusungu alikiokota kipande kilichoanguka kwenye beseni, akakigeuza huku na huku.

"Hii ni figili au kizibo cha soda?"

"Mama Niko!"

"Ijumaa nakuja mwenyewe," alisema Lusungu. "Nataka nione huo mkate kwa macho yangu."

Aliyemcheka zaidi siku ile ni Albano, lakini Ijumaa hiyohiyo Albano ndiye aliyemchagulia figili, moja moja, akizitupa pembeni zilizopasuka, na akakubali kumwangalizia biashara. Lusungu alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kisu ndani ya khanga, akaenda Mtoni.

Nyumba ya Mzee Sultan iko nyuma ya duka, na jiko lake lina dirisha linalotazama ua, ambako mikeka ya wazee ilikuwa tayari imetandikwa. Lusungu alichungulia kila kitu. Aliona kitambaa cheupe kilichoning'inizwa kwenye bomba tangu jana yake, ndani yake mtindi uliochuja maji ukawa mzito kama siagi. Aliuonja kwa ncha ya kidole, akauliza ni maziwa ya ng'ombe yupi. Aliona mafuta ya zeituni, akayanusa, akakunja pua, akanusa tena. Kisha alikaa kwenye kigoda, akakataa ubao aliopewa, akaanza.

Figili zilianguka kwenye bakuli kama maua ya mlimao yanayopukutika. Matango yalifuata, ngozi ya kijani ikiwa imezunguka kila kipande kama pete. Vitunguu majani alivikata kwa mshazari. Karoti alizichana kwa urefu, nyembamba hadi zikajikunja zenyewe. Salsabil alisimama mlangoni mikono kifuani. Mwisho alisema kwamba kule hotelini walikuwa na mashine ya kazi hiyo, na haifikii hapo.

Ilipokaribia saa tisa na nusu simu ya binti ililia. Mkate aliouagiza kwa mwokaji, mkate mgumu kidogo wa unga wa ngano isiyokobolewa, ulikuwa tayari lakini hakukuwa na wa kuuleta. Alijifunga ushungi akatoka mbio.

"Ukimaliza acha tu humo kwenye bakuli, mama. Nikirudi napanga."

Lusungu akabaki na mabakuli mawili yaliyojaa, kila moja na mchanganyiko wa mboga zote. Aliyaangalia. Alichukua kipande cha figili akakitafuna, kikamwasha ulimi mpaka machozi yakamlengalenga. Alitafuna kitunguu, nacho kikamwasha.

Hapa tumwelewe vizuri. Tukuyu, Tanga, Lindi, popote nchi hii ulipokaribishwa chakula, hakuna mwenye nyumba mwenye heshima anayempelekea mgeni kitunguu kibichi kisichooshwa. Kitunguu hutiwa chumvi, kikafikichwa, kikakamuliwa maji ya ukali yakatoka, kikasuuzwa. Hivyo ndivyo mgeni anavyojua kwamba mikono ya mtu imehangaika kwa ajili yake. Kumpa mgeni kitu kinachomchoma kinywa ni kumwambia hukuwa na muda naye. Wageni wenyewe walikuwa wazee watatu, na mtihani wa binti ulikuwa mikononi mwao. Lusungu alijisemea kwamba mtoto huyu amehangaika sana wiki hii, amesahau jambo dogo. Atamsaidia.

Alichukua chumvi. Alinyunyiza bakuli la kwanza lote, akasubiri lilegee, akaingiza mikono miwili na kukamua. Maji ya rangi ya waridi yalitiririka kati ya vidole vyake. Figili ambazo dakika tano kabla zilikuwa zimesimama wima zikawa vipande laini vilivyolala, na bakuli lililokuwa limefurika likabaki na mafungu matatu ya ukubwa wa ngumi. Aliyapanga vizuri. Akavuta bakuli la pili, akachota chumvi.

"Mama, unafanya nini?"

Salsabil alikuwa mlangoni, mikate miwili kwapani.

"Nakamua."

"Nani kakwambia ukamue?"

"Mwanangu, nani kaniambia nisikamue?"

Binti aliiweka mikate chini. Aliinua fungu moja la figili iliyokamuliwa, ikaning'inia kwenye vidole vyake kama kitambaa cha kufutia meza. Uani walisikika wazee wakivua viatu, mmoja akikohoa, mwingine akiuliza kama leo watapewa majani ya mbuzi au ya sungura. Macho ya Salsabil yalijaa maji.

"Zilitakiwa ziwe mbichi. Zilie mdomoni ukitafuna. Hilo ndilo lenyewe, mama, hakuna lingine! Sasa si kachumbari juu ya mkate? Babu atasema nimeacha kazi ya hoteli nije kumpakia kachumbari!"

"Basi niambie nifanye nini."

"Hakuna la kufanya."

"Lipo. Bakuli la pili sijaligusa."

Kosa hili lisingetokea Paris, wala Pemba mahali ambapo binti na mama wamepika jiko moja tangu utotoni. Lilitokea kwa sababu nchi yetu ina wajuzi wawili wa aina hii kila mtaa, mmoja ana cheti na mwingine ana kisu, na kuna mtu tangu zamani ametufundisha kwamba wa kwanza anaagiza na wa pili anatii bila kuelezwa kwa nini. Salsabil alikuwa amesema nyembamba, amesema hazipikwi, amesema juu ya mkate. Kwamba ule ukali ndio utamu wake, hilo hakulisema, kwa kuwa hakuwaza kwamba mkataji anahitaji kulijua.

Hakukuwa na muda wa kulijadili. Waliukata mkate, wakaubabua juu ya mkaa, wakapaka mtindi. Bakuli zima la mboga mbichi lilitosha vipande sita tu. Vingine sita ilibidi vitwishwe zile zilizokamuliwa. Salsabil alivipanga kwenye sinia, vibichi upande mmoja, juu yake njegere mbichi zikimeta, na vilivyokamuliwa upande wa pili, akijitahidi kuvifunika aibu kwa majani ya kotimiri. Alimwonyesha Lusungu kwa kidole.

"Upande huu mzuri unamwelekea babu. Huu mwingine wale wageni. Wao hawana chumba cha kunipa."

Kisha akalibeba mwenyewe. Lusungu akasimama nyuma ya pazia la mlango wa jiko, jicho moja nje. Miaka kumi na tisa, na hii ilikuwa mara ya kwanza anaiona mboga yake ikifika.

Salsabil aliliweka sinia mkekani kama walivyopanga. Upande wenye figili zilizosimama, nyekundu na nyeupe, ulimtazama Mzee Sultan, na kweli ulipendeza. Mkono wake wa kulia alikaa Mzee Jawad, mfanyabiashara wa vitambaa aliyestaafu, na mkono wa kushoto Mzee Jonas, karani wa zamani wa bandari, jirani wa miaka thelathini. Mzee Sultan alitazama mbele yake. Akatazama mbele ya wageni. Akanyoosha mikono yake miwili, akalishika sinia kwenye ukingo, akaligeuza nusu duara.

Nani angemlaumu? Mwenye nyumba haachi kizuri kimwelekee yeye huku wageni wakiangalia makapi. Salsabil aliinua mkono kama mtu anayetaka kusema, akaushusha. Hakuna maneno unayoweza kumwambia babu yako mbele ya wageni ili ageuze heshima irudi nyuma. Alirudi jikoni akaketi kwenye kigoda, uso kwenye viganja.

"Basi tena," alisema.

"Nyamaza, nataka kuona," alisema Lusungu.

"Bismillahi," alisema Mzee Sultan uani. "Kila mtu na mbele yake. Jawad, huu mkate wa pili uko wapi?"

"Nikuulize wewe. Mjukuu wako kauza nusu."

Mzee Jawad alikuwa wa kwanza. Kwa kuwa hajawahi kuona mkate usiofunikwa, alichukua vipande viwili akavibandika uso kwa uso, akauma. Figili ziliteleza, tango likachomoka ubavuni, na njegere saba au nane ziliruka zikabiringika kwenye mapaja ya kanzu yake hadi mkekani.

"Lo! Chakula kinakimbia!"

"Hukushika vizuri," alisema Mzee Jonas. Yeye alikishika kipande kimoja kwa vidole vitano chini kama sahani, akauma polepole, na kote uani ikasikika sauti ya figili ikivunjika. Alitafuna macho yakiwa juu. "Hii kitu inapiga kelele kichwani," alisema. "Inawasha. Ngoja kwanza." Akauma tena.

Na Mzee Sultan? Alikuwa anakula. Mboga zilizokamuliwa zilikuwa zimeshikamana na mtindi, hazikudondoka, hazikukimbia, na mzee mwenye meno manne ya mbele na mawili ya nyuma hakuhitaji kupambana nazo. Alimaliza kipande cha kwanza, akafuta ndevu, akachukua cha pili.

"Babu anakula," alinong'ona Lusungu.

Salsabil alikuja kwenye pazia lile lile, akaweka jicho lake juu ya kichwa cha Lusungu. Cha tatu. Cha nne. Mzee Jonas alimaliza chake, akachukua kingine, jasho jembamba likimtoka puani, akisema hajawahi kujisikia kijana namna hii tangu aache kazi. Cha tano. Cha sita. Upande wa Mzee Sultan ukabaki shaba tupu, na upande wa Mzee Jonas pia.

Mbele ya Mzee Jawad vilibaki vipande viwili, vile vile alivyovibandika na kuvibandua, vimeng'atwa pembeni. Chake cha tatu alikwishakimeza kwa shida, akisindikiza kwa kahawa.

"Mie nimeshiba," alisema, akijifuta. "Hongera yake mtoto. Lakini hizi ni mbao, Sultan. Meno haya nimeyanunua, sitaki kuyarudisha dukani."

"Sinia halijakwisha," alisema Mzee Sultan.

"Nipe mimi nimalizie," alisema Mzee Jonas.

"Kila mtu na mbele yake. Ndivyo tulivyokubaliana." Mzee Sultan hakusema kwa ukali. Alisema kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyekuwa ameanza kupenda kushindwa. "Salsabil! Njoo uondoe sinia."

Binti alibaki nyuma ya pazia. Aliyetoka ni Lusungu, bakuli la maji mkono mmoja, chumvi na kijiko mkono mwingine, kitenge cha kanisani kikiwa kimepandishwa na kufungwa kiunoni.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba," walijibu wote watatu, wakiwa hawajui huyu ni nani.

"Mie naitwa Lusungu, nakata mboga Mabibo. Mzee Sultan, hicho ulichokula wewe nimekiharibu mie. Binti alitaka vyote viwe kama vya wageni wako. Alipotoka nikatia chumvi nikakamua, kwa kutojua. Sasa mnisamehe, lakini sinia halijatoka bado." Alipiga goti mbele ya Mzee Jawad. "Mzee, utaniruhusu nirekebishe cha kwako?"

Mzee Jawad alimtazama Mzee Sultan. Mzee Sultan aliinua mabega.

Lusungu alinawa mbele yao, mpaka viwiko. Aliziinua figili na matango kutoka kwenye vile vipande viwili, akazitia chumvi kiganjani, akazisugua, akasubiri. Wazee watatu waliinama kutazama kiganja kile kana kwamba kuna kitu kitatoka humo. Kilitoka: matone, halafu mchirizi, halafu alipofumba ngumi maji yakamwagika kwenye bakuli, ya rangi ya waridi.

"Kumbe maji yote hayo yalikuwa humo," alisema Mzee Jawad.

"Yalikuwa yanakuwasha wewe," alisema Mzee Jonas. "Mie nilikuwa nayapenda."

Njegere Lusungu alizikandamiza kwa mgongo wa kijiko ndani ya mtindi, zikapasuka na kukaa. Alizirudisha mboga juu, akazitandaza, akasogea nyuma.

"Usikifunike," alisema. "Kishike kwa chini kama mzee mwenzako."

Mzee Jawad alikishika kwa chini. Aliuma. Hakuna kilichokimbia. Alitafuna kwa muda ambao Salsabil, nyuma ya pazia, baadaye aliapa kwamba ulikuwa robo saa. Kisha alikimaliza, akachukua cha mwisho, akakimaliza nacho, akalamba mtindi kwenye kidole gumba.

Mzee Sultan aliliinamisha sinia, akalikagua kama mtu anayetafuta ufa.

"Salsabil."

"Labeka babu."

"Wewe ulitaka nile ipi?"

Binti alitoka nje ya pazia. Angeweza kusema lolote. "Ile ngumu," alisema.

"Ningemaliza?"

Alitazama meno ya babu yake, akaona, pengine kwa mara ya kwanza, yalivyo machache.

"Usingemaliza, babu."

"Lakini Jonas kamaliza."

"Ningeongezwa ningekula," alisema Mzee Jonas.

"Basi ina wenyewe, na hii nyingine ina wenyewe." Mzee Sultan aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa funguo, akauchomoa mmoja kwa shida kwenye pete yake. "Kreti nataka zihamie stoo kabla ya magharibi. Usizirushe, zina wenyewe pia."

Salsabil aliupokea kwa mikono miwili. Akambusu babu yake mkononi akakimbia.

Chumba cha mbele kilinuka vumbi na sukari ya zamani. Kreti zilikuwa zimepangwa hadi dari. Walizibeba wote wawili, Salsabil mbele na Lusungu nyuma, wakipishana na wazee waliokuwa wamerudi kwenye kahawa na ubishi. Safari tatu za kwanza Salsabil alitangulia bila kugeuka. Binti alikuwa bado hajaamua kama amekasirika.

Safari ya nne, Lusungu alisimama katikati ya mlango, kreti mikononi.

"Hao wenye huu mkate, hao waliokufundisheni hotelini. Kwao wazee wasio na meno wanaulaje?"

Salsabil alifikiri. "Sijui, mama. Sikuuliza."

"Miezi minane!"

"Ulikuwaga huulizi mle ndani. Ukiuliza unaambiwa kata."

Lusungu alitikisa kichwa, akasukuma kreti kwa goti ili isogee. "Hapa utakuwa unauliza. Mtu akiingia, kabla hujamwekea kitu, muulize anapenda inayolia au iliyolala."

"Na nani atakayekata?"

"Ijumaa nakuja. Siku nyingine nina wateja wangu Mabibo." Aliweka kreti chini, akanyoosha mgongo. "Jumatatu wewe ndiye unakuja kwangu. Alfajiri, kabla jua halijatoka. Ndoo ya kukalia nitakuazima."

"Nije kufanya nini?"

"Kukata sukuma wiki. Bila ubao." Alimshika mkono wa kushoto, akavikunjua vidole, akakitazama kidole gumba laini, kisicho na kovu hata moja. "Huyu atalia wiki ya kwanza," alisema, na wakainama pamoja kuchukua kreti nyingine. Penye kreti walizokwishaondoa, kipande cha sakafu kilikuwa kimeanza kuonekana, saruji nyekundu ambayo mtu fulani aliipaka zamani kwa mkono wake.